"Ramani imegoma": kuisoma GeoServer kabla ya kuirestati

Simu huja hivi: "Kaka, ramani imegoma." Ukiuliza imegoma vipi, unajibiwa, "Haifunguki tu." Ukifika kwenye mashine unakuta mtu ameshairestati seva. Ramani inarudi, watu wanashukuru, na Jumatatu inayofuata saa nne asubuhi inagoma tena.

Ombi langu kwa yeyote anayetunza GeoServer ni moja: usiirestati kabla hujaichungulia. Hii ni programu ya Java ya kuchapisha ramani mtandaoni, inayokaa ndani ya seva ya Tomcat au Jetty. Ukiizima, ushahidi uliokuwa kwenye kumbukumbu yake unayeyuka: nyuzi (threads) zilizokwama, miunganisho ya hifadhidata iliyobaki wazi, RAM ilivyokuwa imejaa. Dakika tano zinatosha kuukusanya:

```
df -h
free -m
tail -n 300 $GEOSERVER_DATA_DIR/logs/geoserver.log
sudo -u tomcat jstack PID > /tmp/nyuzi.txt
curl -I http://localhost:8080/geoserver/web/
```

PID hapo ni namba ya mchakato wa Java. Amri ya kwanza inapima nafasi ya diski, na usiidharau: diski iliyojaa imenitoa jasho mara nyingi kuliko hitilafu ya programu yenyewe. Amri ya mwisho inaiuliza GeoServer ukiwa ndani ya mashine ileile. Ikijibu ndani ilhali nje kimya, iache; mgonjwa ni nginx (seva ya mbele inayopokea maombi ya nje), ukuta wa moto, au cheti cha HTTPS kilichoisha muda. Isipojibu hata ndani, endelea kusoma.

## Haiwaki kabisa

Swali la kwanza: nini kilibadilika jana? Mara nyingi ni mtu aliyesasisha mfumo endeshi na akaletewa Tomcat mpya. GeoServer za mkondo wa 2 zinataka Tomcat 9. Kuanzia Tomcat 10, majina ya maktaba yalihama kutoka `javax` kwenda `jakarta`, kwa hiyo programu haipakiki na wewe unabaki unatazama 404. Java nayo ina masharti yake: toleo la 2.23 liliachana na Java 8 na kutaka angalau 11, na 2.28 linataka angalau 17.

La pili ni viongezi. Ukipandisha GeoServer kutoka toleo moja hadi jingine, kila kiongezi kilichomo `WEB-INF/lib` lazima kiwe cha toleo lilelile, hadi tarakimu ya mwisho. Ukikuta `NoSuchMethodError` kwenye logi baada ya kusasisha, orodhesha mafaili ya jar na utafute yenye namba ya zamani. Atakuwepo mmoja tu aliyesahaulika.

La tatu linawachosha wanaotumia Ubuntu au Debian. Umeweka folda ya data `/srv/geoserver`, umeikabidhi kwa mtumiaji `tomcat` kwa `chown`, ruhusa zote ziko sawa, na bado logi inalia kwamba haiwezi kuandika. Kosa si lako. Kifurushi cha Tomcat cha mifumo hiyo kimefungiwa na systemd kisiandike nje ya folda chache zilizotajwa. Endesha `systemctl edit tomcat9` na uongeze:

```
[Service]
ReadWritePaths=/srv/geoserver/
```

Halafu kuna umeme. Ukikatika ghafla wakati GeoServer inaandika, unaweza kukuta faili la XML lenye baiti 0 ndani ya `workspaces`, na tabaka lote likatoweka. Yatafute kwa `find $GEOSERVER_DATA_DIR -name "*.xml" -size 0`, kisha urudishe kila moja kutoka kwenye chelezo. Mwathirika mwingine wa umeme ni hifadhidata ndogo inayohesabu ukubwa wa kache (vipande vya ramani vilivyokwisha kuchorwa na kuhifadhiwa), iliyo kwenye folda inayoanza na `diskquota_page_store` ndani ya `gwc`. Ikiharibika au ikabaki imefungwa, zima Tomcat, ihamishe folda hiyo pembeni, washa. Itaundwa upya yenyewe.

## Inajizima bila kuaga

Hii ni tofauti na kutowaka. Inafanya kazi vizuri, kisha mchana mchakato wa Java haupo tena, na logi inakatika katikati ya sentensi. Kosa la Java lenyewe lingeacha neno, kwa mfano `OutOfMemoryError: Java heap space`. Kimya cha namna hii kwa kawaida ni kazi ya kerneli ya Linux: RAM imekwisha, ikachagua mchakato mnene kuliko yote na kuuua. Uliza `dmesg -T | grep -i kill`, utaona jina la Java limeandikwa.

Chanzo ni hesabu mbaya ya kugawana RAM. Usipoiambia lolote, Java hujiwekea kikomo cha robo ya RAM ya mashine. Kwenye mashine ya GB 8 inapata GB 2, na ramani nzito zinalalamika. Mtu anaamka kwa hasira anaandika `-Xmx8g`. Sasa PostgreSQL, nginx na mfumo endeshi wenyewe wavute hewa wapi? Kwenye mashine ya GB 8 yenye PostGIS (PostgreSQL yenye data za ramani) ndani yake mimi huanza na `-Xms2g -Xmx3g`, naongeza `-XX:+HeapDumpOnOutOfMemoryError`, kisha naangalia wiki moja kabla ya kugusa tena. Kama unaweza kuihamishia hifadhidata kwenye mashine yake, nusu ya ugomvi huu unaisha.

## Ramani inatoka nyeupe

Kabla ya kufikiri, fungua zana za msanidi kwenye kivinjari, ingia sehemu ya mtandao, nakili anwani ya ombi moja la `GetMap` (ombi la kuchorewa ramani) na uifungue kwenye ukurasa wake peke yake. Ukipata XML yenye `ServiceException`, soma sentensi iliyomo ndani; mara nyingi inataja tabaka au safu yenye kosa waziwazi. Ukipata picha tupu isiyo na kosa, GeoServer imechora ulichoomba, na ulichoomba ni patupu.

Kwa nini patupu? Angalia mtindo kwanza. SLD (faili la mtindo wa kuchora) yenye `MaxScaleDenominator` ya 25000 haitaonyesha kitu ukiwa umetazama mkoa mzima. Sogea karibu na tabaka linajitokeza kama lilikuwa limejificha nyuma ya mlango. Halafu majina ya safu: mtindo unaotafuta `Kata` hautapata kitu kwenye jedwali lenye `kata`. Aliyetoka kwenye shapefile (faili la data za ramani) atakumbuka pia kwamba majina ya safu hukatwa kwenye herufi 10, kwa hiyo `idadi_ya_watu` ya kwenye jedwali lake sasa inaitwa `idadi_ya_w`, na mtindo haujui habari hizo.

Mwisho ni mipaka ya tabaka. GeoServer huhifadhi mipaka iliyoipata siku ulipochapisha. Uliongeza wilaya tatu baadaye? Ingia kwenye tabaka, bonyeza "Compute from data", kisha "Compute from native bounds", hifadhi.

## Ramani ipo, ila si hapa

Nalipenda kundi hili la matatizo kwa sababu kosa lenyewe linakutajia jina lake. Tazama tu ramani imetua wapi.

Vituo vyako vya Kariakoo vimetua Hispania magharibi, karibu na mpaka wa Ureno? Latitudo na longitudo zimebadilishana nafasi. Kariakoo iko takriban -6.82, 39.27, ukizigeuza unapata nyuzi 39 kaskazini na karibu 7 magharibi, na huko ndiko uliko. Ikiwa data iligeuka wakati wa kupakia CSV, irekebishe kwenye data. Ikiwa data ni nzima na ni ramani tu inayogeuka, tazama toleo la huduma ya WMS, ile inayotoa ramani kama picha: WMS 1.1.1 inaanza na longitudo, lakini WMS 1.3.0 ikitumiwa na EPSG:4326 (msimbo wa mfumo wa latitudo na longitudo) inaanza na latitudo. Programu ya zamani ya mteja inayodai inaongea 1.3.0 huku inapanga namba kwa mtindo wa 1.1.1 itakupeleka Hispania kila siku. Tumia CRS:84 au rudi 1.1.1, maisha yaendelee.

Zimetua kwenye barafu ya Aktiki, kama nyuzi 83 kaskazini? Umetangaza UTM (mfumo wa viwianishi vya mita, wenye kanda za nyuzi 6) kanda ya 37 ya kaskazini, EPSG:32637, badala ya ya kusini, EPSG:32737. Kusini mwa ikweta UTM huongezewa mita 10,000,000 ili namba zisiwe hasi. Dar es Salaam ina kaskazini ya mita kama 9,246,000, na ukiisoma bila nyongeza hiyo unakaribia ncha ya dunia.

Mwanza imehamia Kenya, ndani ya Tsavo Mashariki? Kanda ya UTM si yake. Tanzania inapitiwa na kanda tatu: Kigoma mjini iko 35, Mwanza na Dodoma 36, Dar es Salaam na Arusha 37. Anayetumia 37 kwa nchi nzima kwa sababu ofisi yake iko Dar atasukuma kila kitu cha kanda ya 36 nyuzi 6 mashariki.

Tabaka limetua karibu kabisa na mahali pake, ila limesogea kama mita 300? Hili ndilo la hatari, maana linapita bila kuonekana mpaka mtu anapokuta mpaka wa kiwanja uko kwenye sebule ya jirani. Data za upimaji wa zamani Afrika Mashariki, pamoja na zilizochorwa kutoka karatasi za 1:50,000, ziko kwenye Arc 1960, mfumo wa rejea wa zamani, si WGS 84 inayotumiwa na GPS. Kwa kanda ya 37 kusini hiyo ni EPSG:21037. Mtu akiona "UTM 37S" kwenye barua ya mpima anaandika 32737, namba zinafanana, ramani inakaa, na kosa linalala humo. Chagua alama moja usiyobishana nayo, makutano ya barabara au mzunguko, uilinganishe na picha ya setilaiti kabla ya kuchapisha lolote.

Hapohapo kuna mtego wa GeoServer yenyewe. Chini ya mfumo wa viwianishi kuna chaguo la "Force declared" na la "Reproject native to declared". La kwanza hubadilisha lebo tu, haligusi namba. Data ya mita za UTM ukiibandika lebo ya EPSG:4326 kwa "Force declared" haijageuka kuwa nyuzi, imekuwa uongo. "Force declared" litumie pale tu faili la `.prj` (linalotaja mfumo wa viwianishi) linapokosekana au limekosewa, na wewe unajua ukweli. Ukitaka kugeuza kweli, chagua la pili.

## Chang'ombe haipatikani

Miongozo ya Ulaya haitakuambia hili kwa sababu hawana Chang'ombe wala Nyang'hwale. Umeweka chujio kwenye ombi:

```
CQL_FILTER=kata='Chang'ombe'
```

Na unajibiwa kosa la usomaji wa chujio. Alama ya ng' imefunga maandishi kabla ya wakati wake. Iandike mara mbili, `kata='Chang''ombe'`, na ukiwa kwenye anwani ya wavuti igeuze iwe `%27%27`. Anayejenga chujio kwa JavaScript aifanye mara moja ndani ya kitendakazi kimoja, asiwaachie watumiaji. Akisahau, ameacha pia mlango wa watu kuchomeka masharti yao kwenye chujio chake.

Ndugu yake wa karibu: jina linaonekana `Changâ` likifuatiwa na vimraba. Hapo aliyeandika data alitumia alama iliyopinda ya Word, ’, faili likahifadhiwa kwa UTF-8, na GeoServer ikalisoma shapefile kwa ISO-8859-1, ambayo ndiyo chaguo lake la awali. Badilisha seti ya herufi kwenye mipangilio ya stoo (chanzo cha data ndani ya GeoServer) iwe UTF-8. Ila ushauri wangu ni kusafisha data yenyewe ibaki na alama nyoofu tu, la sivyo Chang'ombe zitakuwa mbili na kila hesabu ya kata itatofautiana na ya mwenzako.

Na kama maandishi hayaonekani kabisa, au GeoServer inakufa kila tabaka lenye majina linapochorwa, hasa ndani ya kontena jembamba, hakuna fonti kwenye mashine. Sakinisha `fontconfig` na familia moja ya fonti, kwa mfano DejaVu.

## Inafunguka, lakini polepole

Neno "polepole" halitoshi. Je, ni tabaka moja au yote? Ni ukiwa mbali, ukiwa karibu, au wakati wowote? Ni saa fulani tu?

Tabaka moja la PostGIS likichelewa hata ukiwa umekaribia mtaa mmoja, nenda moja kwa moja kwenye faharasa ya kijiografia. Mara nyingi haipo, kwa sababu jedwali lilitengenezwa kwa `CREATE TABLE AS` na faharasa haikufuata.

```
CREATE INDEX ON majengo USING GIST (geom);
ANALYZE majengo;
```

Likichelewa ukiwa mbali tu, faharasa haitakuokoa. Unaiomba ichore kila nyumba ya jiji kwenye picha isiyozidi kiganja. Data ya OpenStreetMap ya Dar es Salaam imesheheni nyumba, vichochoro na mitaro, kwa sehemu kubwa kutokana na mradi wa Ramani Huria ulioanza 2015, na hakuna mashine itakayoifurahia ikichorwa yote kwa mkupuo. Weka kikomo cha skeli kwenye mtindo: nyumba zionekane kuanzia 1:15,000 hivi kushuka, na juu ya hapo onyesha mipaka ya mitaa.

Picha za droni na setilaiti zina dawa yake. GeoTIFF ghafi ya GB kadhaa husomwa mstari kwa mstari hata kama unataka kipande kidogo. Ipange kwa vigae vya ndani, kisha uitengenezee nakala ndogondogo za kutazamia kwa mbali:

```
gdal_translate -co TILED=YES -co COMPRESS=JPEG -co BIGTIFF=IF_SAFER ghafi.tif tayari.tif
gdaladdo -r average tayari.tif 2 4 8 16 32
```

Ukandamizaji wa JPEG ni kwa picha za kutazama tu. Data ya miinuko ipe DEFLATE, maana JPEG itakuharibia mita zako.

Inachelewa saa nne asubuhi tu, watu wakishafika kazini? Sasa ile `jstack` uliyoihifadhi inalipa. Ukikuta nyuzi nyingi zinasubiri muunganisho wa hifadhidata, bwawa la miunganisho limekauka. Kila stoo ya PostGIS huja na kikomo cha miunganisho 10. Wengine wakiona hivyo wanaongeza tu, wakasahau upande wa pili: PostgreSQL yenyewe huruhusu 100 kwa mipangilio ya awali, na kila stoo ina bwawa lake. Niliwahi kukuta taasisi moja ina stoo 14, moja kwa kila idara, zote zikielekea hifadhidata ileile na skima ileile. 14 mara 10 ni 140. Siku stoo zote zikiamka pamoja, PostgreSQL inajibu `sorry, too many clients already` na kila idara inamlaumu mwenzake. Tuliziunganisha zikawa stoo mbili, moja ya kusoma na moja ya kuhariri, na simu za saa nne zikakoma.

Pia ongeza kiongezi cha `control-flow`, kipange maombi foleni badala ya kuyaacha yakanyagane. Na kwa watumiaji wa bando, tumia `image/png8` kwenye matabaka ya michoro. Faili linapungua sana na macho hayaoni tofauti.

## Nimebadilisha data, ramani bado ni ya zamani

Ni kache ya vigae. GeoServer hufuta vigae vya tabaka unapobadilisha mtindo wake au unapohariri kupitia WFS (huduma ya kutoa na kuhariri data yenyewe), lakini ukiingiza data moja kwa moja kwenye PostGIS haina habari. Ingia "Tile Layers", bonyeza "Empty" kwenye tabaka husika. Ukiwa hapo, washa kikomo cha diski. Huja kikiwa kimezimwa, na folda ya `gwc` hukua mpaka inajaza mashine.

## Ukiweka HTTPS, kuingia kunakataa

Fomu ya kuingia inarudisha kosa 400, au viungo vyote vinarudi kwenye `http://localhost:8080`. Weka anwani ya nje kwenye "Proxy Base URL", na jina la kikoa chako kwenye `GEOSERVER_CSRF_WHITELIST`. Kivinjari kikilalamika kuhusu `Access-Control-Allow-Origin`, fungua kichujio cha CORS (ruhusa ya tovuti nyingine kutumia ramani zako) ndani ya `web.xml`, au kiweke kwenye nginx. Usiweke kote kuwili. Kichwa kikirudiwa mara mbili kivinjari kinakikataa.

## Prosesa iko asilimia 100 usiku wa manane

Hakuna anayetazama ramani saa nane usiku, lakini mashine inachemka. Endesha `top`. Ukikuta mchakato usioujua, wa mtumiaji `tomcat`, wenye jina la kubahatisha, huenda mtu anachimba sarafu za kidijitali kwa umeme wako.

Julai 2024 lilitangazwa pengo la CVE-2024-36401: mtu asiye na akaunti aliweza kuendesha amri zake kwenye seva kupitia ombi la kawaida la WFS au WMS, na mwezi huohuo CISA, wakala wa usalama wa mtandao wa Marekani, ikaliweka kwenye orodha ya mapengo yanayotumiwa na wahalifu. Lilizibwa katika 2.23.6, 2.24.4 na 2.25.2. Namba iliyo chini ya hizo kwenye mkondo wake iko wazi mpaka leo, na seva za namna hiyo bado zipo, zimesahaulika kwenye kona za miradi iliyoisha ufadhili.

Ukishavamiwa, usisafishe. Jenga mashine mpya, rudisha folda ya data kutoka chelezo cha kabla ya uvamizi, na ubadilishe kila nywila, pamoja na za PostGIS kwa sababu zilikuwa humohumo kwenye mipangilio ya stoo. Na kama mlikuwa bado mnaingia kwa `admin` na `geoserver`, nyamaza tu ubadilishe.

## Folda ya data

Usiiache ndani ya `webapps/geoserver/data`. Tomcat ikiondoa programu ya zamani ili kuweka mpya, inafuta folda yote, na mitindo ya miaka mitatu inaondoka nayo. Nimelishuhudia hili mara moja, na aliyebonyeza alikaa kimya muda mrefu kabla ya kuuliza, "Na chelezo je?" Iweke nje, ielekeze kwa `GEOSERVER_DATA_DIR`, na kila usiku inakiliwe kwenye mashine nyingine bila folda ya `gwc`, ambayo ni nzito na hutengenezeka upya. Mara moja kwa miezi mitatu irudishe chelezo hiyo kwenye laptopu yako na ufungue matabaka matano.

## Nywila ya msimamizi imepotea

Aliyeijua amehama kazi. Fungua `security/usergroup/default/users.xml`, kwenye mstari wa `admin` weka `password="plain:NywilaYaMuda"`, hifadhi. Ingia, ubadilishe nywila hapohapo kwenye ukurasa wa usalama ili isibaki wazi ndani ya faili. Isipokubali kuingia, basi sawa, irestati.